Paka Dume Akishindwa Kukojoa, Dawa ya Kulegeza Misuli Haitoshi! Wasee wa Kitengela, Hii Ni Yenu

Kama unakaa Kitengela na uko na paka dume kwa keja, hii soma hadi mwisho. Kuna shida inamaliza hawa manyau kwa siku mbili tatu tu, na mara nyingi mwenye paka anadhani ni tumbo limefunga. Paka anaingia kwa beseni la mchanga, anachuchumaa, anakaza, analia, anatoka. Baada ya dakika tano amerudi tena. Ukiangalia ule mchanga uko mkavu kabisa, ama kuna tone moja tu lenye damu.

Manze, hiyo si kufunga choo. Huyo paka ameziba njia ya mkojo, na hiyo ni emajensi ya leo leo, si ya wikendi.

Sasa kuna shida ingine juu ya hiyo. Msee akiingia mtandaoni anapata majina ya dawa za kulegeza misuli ya njia ya mkojo. Anaona afadhali anunue tembe pale kwa duka la dawa kuliko kulipa daktari. Hizo dawa ni za ukweli, na mavet wenyewe wamezitumia miaka mingi. Lakini ukijua zinafanya nini na hazifanyi nini, utaelewa kwa nini tembe peke yake inaweza kukuachia paka amekufa.

Kwani kwa nini ni madume?

Paka jike pia huugua kibofu, lakini kuziba kabisa ni shida ya madume. Sababu ni maumbile. Mrija wa mkojo wa jike ni mfupi na mpana. Wa dume ni mrefu na unazidi kuwa mwembamba ukienda nje. Karibu na kibofu una upana wa kama milimita 2. Ukifika kwenye ncha ya uume, umebaki na kama milimita 0.7. Hiyo ni ndogo kuliko ncha ya bairo.

Kwa hako katundu ndiko vitu hukwama. Kinachokwama sana ni kizibo: ute wa kibofu kilichovimba, umechanganyika na chembechembe kama mchanga wa madini. Wakati mwingine ni kijiwe kabisa. Na wakati mwingine hakuna kitu kimekwama, ni mrija wenyewe umevimba na misuli imekaza.

Mkojo ukikosa pa kupitia, unarudisha presha hadi kwa figo. Figo zinaacha kuchuja damu. Sumu zinapanda, na ile noma zaidi ni potasiamu. Potasiamu ikizidi kwa damu, mapigo ya moyo yanapungua, yanapotea mpangilio, halafu moyo unasimama. Paka aliyeziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku 2 au 3. Wengi wa hawa paka wanauawa na moyo, huku mwenye paka bado akidhani tatizo ni tumbo.

Misuli ni ya aina tatu, na kila moja ina dawa yake

Hapa ndio watu huchanganyikiwa. Ukisikia "dawa ya misuli ya mkojo", uliza kwanza: misuli gani?

Ya kwanza ni misuli ya ukuta wa kibofu chenyewe. Kazi yake ni kusukuma. Kibofu kikijaa, huo ukuta unajikaza na mkojo unatoka.

Ya pili ni misuli laini kwenye shingo ya kibofu na sehemu ya mwanzo ya mrija. Hii hauwezi kuiamrisha, inajiendesha yenyewe kama ile ya matumbo. Neva za "pigana au kimbia", zile zinazowaka ukishtuka, ndizo huikaza. Paka akiogopa ama akisikia uchungu, hiyo misuli inafunga zaidi.

Ya tatu imezunguka mrija kwenda upande wa nje. Hii ni misuli ya aina moja na ile ya mkono na mguu wako. Iko na neva zake tofauti na inasikiza dawa tofauti.

Sasa twende kwa dawa.

Prazosini ni dawa ya binadamu ya presha ya damu. Inazuia ile amri ya neva za kushtuka isifike kwa misuli laini, kwa hivyo misuli ya aina ya pili inalegea. Fenoksibenzamini ni mkubwa wake wa zamani, inafanya kazi karibu sawa lakini inachukua muda zaidi kushika. Tamsulosini ni ya familia hiyo hiyo. Kama guka yako ako na shida ya tezi dume na anaamka usiku mara tano kukojoa, kuna uwezekano ako kwa hiyo dawa. Siku hizi kuna mavet wanaijaribu kwa paka.

Asepromazini ni dawa ya kutuliza. Inamfanya paka apoe, na pia inashusha ule mkazo wa misuli laini.

Dantrolini na diazepamu zinalenga misuli ya aina ya tatu. Diazepamu wengine mnaijua kama Valium.

Betanekoli inafanya kinyume. Inaambia ukuta wa kibofu usukume. Vet anaweza kuitumia wakati njia imefunguka lakini kibofu kimechoka kwa kuvutwa sana, hakina nguvu tena. Ukimpa paka ambaye bado ameziba, unasukuma mkojo kwa mlango uliofungwa. Kibofu kinaweza kupasuka.

Ukiangalia hiyo orodha, hakuna hata moja inayoyeyusha kizibo. Hakuna inayotoa kijiwe. Na ile sehemu nyembamba kabisa ya mrija, pale kwa ncha ambapo vitu hukwama, iko na misuli laini kidogo sana. Prazosini inalegeza mahali ambapo mara nyingi si pale pameziba. Ni kama kufungua mfereji wa tanki wakati takataka imekwama huku mwisho wa paipu.

Prazosini: ilivyosifiwa, halafu ikaanza kuulizwa maswali

Kwa miaka mingi, paka akishafunguliwa hospitali alikuwa anaenda nyumbani na prazosini. Wazo lilikuwa kwamba misuli ikilegea, hatarudi kuziba. Kwa karatasi inaleta maana.

Mwaka wa 2013, utafiti uliotoka Marekani uliangalia rekodi za paka 192 waliokuwa wameziba. Waliopewa prazosini walirudi kuziba kidogo kuliko waliopewa fenoksibenzamini. Ndani ya saa 24 baada ya kutolewa mpira wa mkojo, ilikuwa asilimia 7 dhidi ya asilimia 22. Prazosini ikapanda jina.

Lakini soma vizuri: hao watafiti walilinganisha dawa moja na dawa ingine. Hawakulinganisha na paka ambao hawakupewa kitu. Mwaka wa 2017 watafiti wengine wakafanya jaribio ambalo paka wengine walipewa prazosini na wengine wakapewa tembe isiyo na dawa. Tofauti ya maana haikuonekana. Halafu 2022 ikatoka kazi ingine ya paka 388, na hapo waliopewa prazosini ndio walirudi kuziba zaidi ya wale ambao hawakupewa.

Hiyo ya 2022 iliangalia rekodi za nyuma, kwa hivyo haimaanishi prazosini ndiyo iliwaziba. Inawezekana waliopewa ndio walikuwa wagonjwa zaidi. Lakini ujumbe uko wazi kiasi: ile dawa watu walidhani ni ya lazima haina ushahidi mzito kwamba inasaidia. Na iko na madhara yake. Inashusha presha ya damu, kwa hivyo paka anaweza kuwa mnyonge, anayumba, ama anaanguka. Kwa paka ambaye moyo tayari unasumbuliwa na potasiamu, hiyo ni hatari juu ya hatari.

Basi vet wako akikuambia hatumii prazosini, usidhani hajasoma. Na akikupea, muulize anatarajia ifanye nini na ni kwa siku ngapi. Hilo swali si ujuaji, ni haki yako.

Dawa za nyumbani zinazoua kabisa

Hapa tuongee polepole, ju hii ndio sehemu watu hukosea wakiwa na nia nzuri.

Panadol: usijaribu. Ini la paka halina uwezo wa kuvunja parasetamoli kama letu. Dawa inageuka sumu, damu inashindwa kubeba oksijeni, ufizi unakuwa wa kijivu ama hudhurungi, uso unavimba. Tembe moja ya miligramu 500 inatosha kumuua paka mzima. Ibuprofeni nayo inachoma tumbo na kuua figo, na figo za paka aliyeziba tayari ziko taabani.

Diazepamu ya tembe: mwaka wa 1996 madaktari wa Marekani waliripoti paka 11 ambao ini lao liliharibika ghafla baada ya kupewa diazepamu kwa mdomo. Ndio maana mavet wengi wanaogopa kuituma nyumbani. Ukipata mtu mtandaoni anasema "mpe Valium nusu alegee", pita mbali.

Lasix: watu wanaijua kama dawa ya kukojoa, basi wanaona inafaa. Lakini Lasix inafanya figo zitengeneze mkojo mwingi. Haifungui njia. Ni kuongeza maji kwa tanki ambalo tayari linataka kupasuka.

Kubonyeza tumbo: usimfinye kibofu ati mkojo utoke. Kikiwa kimejaa ni kigumu kama limau ama chungwa, na ukuta wake umevutika umekuwa mwembamba. Kikipasuka ndani, mkojo unamwagika kwa tumbo na hapo mambo yameharibika zaidi.

Kitu pekee unaweza kufanya nyumbani ni kumweka kwa kikapu ama katoni yenye matundu, umfunike na leso ili atulie, na uanze safari.

Ukifika kwa vet, nini hufanyika?

Vet anayejua kazi haanzi na mrija, anaanza na moyo. Atasikiza mapigo, atapima damu kama ako na mashine, na ataweka dripu. Potasiamu ikiwa juu, kuna sindano ya kalsiamu ya kukinga moyo, na kuna glukosi na insulini za kurudisha potasiamu ndani ya seli.

Halafu paka analazwa usingizi ama anatulizwa kabisa. Hapa ndio dawa za misuli zina kazi ya kweli. Paka akiwa amelala, misuli ya aina ya pili na ya tatu inalegea, na mpira mwembamba unaitwa katheta unapitishwa kwa mrija. Vet anasukuma maji safi ya chumvi ya hospitali kurudisha kile kizibo ndani ya kibofu, ama kukitoa nje. Kujaribu hii paka akiwa macho ni mateso, na mrija unaweza kuchanika.

Mara nyingi ule mpira unaachwa ndani kwa siku moja au mbili huku dripu ikiendelea. Paka anakojoa sana baada ya kufunguliwa, hadi anaweza kuishiwa maji, kwa hivyo kumpeleka nyumbani dakika hiyo hiyo ni kucheza na maisha yake.

Dume ambaye anaziba mara kwa mara anaweza kufanyiwa upasuaji. Daktari anaondoa ile sehemu nyembamba ya mwisho na kutengeneza mlango mpana karibu na mkundu, paka anakojoa kama jike. Inasikika vibaya, lakini imeokoa wengi.

Na kama mfuko umetoboka?

Tusidanganyane, hii matibabu si bei ya smokie. Wasee wengi wakisikia gharama wanauliza kama paka anaweza tu kudungwa alale milele.

Kuna kazi moja ya 2010 kutoka Chuo Kikuu cha Ohio State kule Marekani inafaa kujulikana. Madaktari walichukua paka dume 15 walioziba, ambao bila hiyo mpango wangeuawa kwa sababu ya pesa. Hawakuweka katheta. Waliwapa dawa ya kutuliza misuli na wasiwasi, ikiwemo asepromazini, na dawa kali ya uchungu. Walitoa mkojo kwa sindano kupitia tumbo pale inapohitajika, halafu wakawaweka mahali pa giza na kimya, mbali na mbwa na kelele. Paka 11 kati ya 15 walikojoa wenyewe ndani ya siku 3 na wakaenda nyumbani.

Kumbuka wale wengine 4 hawakupona. Pia hao 15 walichaguliwa, hawakuwa na damu iliyoharibika sana wala vijiwe, na yote ilifanyika hospitalini. Si kitu cha kufanya kwa keja. Lakini inakupa swali la kumuuliza vet wako kama pesa ya katheta na kulazwa haipo: "Daktari, kuna njia ya bei ya chini tunaweza kujaribu?" Ni afadhali uulize hivyo kuliko urudi nyumbani na Panadol.

Hiyo kazi pia inafundisha kitu kingine. Giza, kimya na kuondoa uchungu vilikuwa sehemu ya matibabu. Wasiwasi unawasha zile neva za kushtuka, neva zinakaza misuli, misuli inafunga mrija. Paka mwenye amani ako na misuli iliyolegea bila tembe.

Kitengela yetu ina mambo yake

Kajiado ni nchi ya mifugo. Agrovet ziko kila kona, lakini nyingi zimejipanga kwa ng'ombe, mbuzi na kuku. Yule anayekuuzia dawa ya minyoo si lazima awe daktari. Daktari wa mifugo hapa Kenya lazima awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, na una ruhusa ya kumuuliza namba yake. Usiogope akiwa amezoea ng'ombe; pale Kabete, kwa Chuo Kikuu cha Nairobi, wanasomea wanyama wote. Muulize wazi tu: "Unaweza kuweka katheta kwa paka dume? Uko na vifaa?" Akisema hana, akuelekeze kwa mwenye anaweza.

Fanya hii homuweki leo, paka akiwa mzima. Tafuta namba ya vet wa karibu anayehudumia paka, na ingine ya hospitali ya Nairobi inayofungua usiku. Kutoka Kitengela hadi tauni ni kama kilomita 30, lakini wote tunajua jam ya Athi River na Mlolongo inaweza kugeuza hizo kilomita 30 kuwa nusu ya siku. Paka akianza kukaza saa mbili usiku, hutaki kuwa unaanza kuuliza kwa grupu ya ploti nani anajua vet.

Kumzuia asirudi pale

Paka akiziba mara moja anaweza kuziba tena, hasa siku na wiki za kwanza. Tembe si ndio kinga kubwa. Kinga kubwa ni maji na amani.

Maji: maji mengi ya borehole huku kwetu ni ya chumvi na paka ni mwenye maringo, akikataa ladha hanywi. Mpe yale unakunywa wewe. Weka bakuli zaidi ya moja, mbali na choo chake. Chakula cha majimaji kinasaidia kuliko kile kikavu cha pakiti. Kama unampa omena, chemsha na umwage supu yake juu, bila chumvi na bila kitunguu, ju kitunguu ni sumu kwa paka. Omena kavu peke yake kila siku si chakula kamili.

Mwili: paka mnene anayelala kutwa ndani ya keja ako kwa hatari zaidi. Cheza na yeye, hata kwa kamba ya kiatu.

Amani: huku kwetu ploti mpya inajengwa kila wiki, mbwa wa jirani wanabweka, na wasee wanahama mwisho wa mwezi. Mpe mahali pake pa kujificha, juu ya kabati ama ndani ya katoni. Choo chake kisafishwe kila siku, na kama uko na paka wawili, weka vyoo vitatu.

Na kwa wale wanasema kuhasi ndio kunaziba paka: watafiti walipima, na mrija wa dume aliyehasiwa hakuonekana kuwa mwembamba kuliko wa mwenzake. Shida ya paka wengi waliohasiwa ni kunenepa na kukaa tu.

Kwa kifupi: dume akichuchumaa zaidi ya mara mbili bila mkojo kutoka, usingoje asubuhi, usinunue tembe, usimfinye tumbo. Akitapika, akijificha ama akianza kulegea, ujue sumu imeshaingia kwa damu. Piga simu kwa vet ukiwa tayari njiani.